Punje Mbili za Kamuhanda

Mwaka ule wa 1912 mke wangu Mwajabu alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka tukiwa kijijini Ndama. Hospitali ilikuwa Bukoba, mwendo wa siku nne. Daktari wa kule alitafuta msaidizi wa chumba cha dawa, atakayepewa nyumba uani pa hospitali. Sharti lake: aandike milinganyo ya tindikali na magadi, pande zote mbili zilingane.

Mimi nilikuwa muuza nguo. Lakini ujanani, Bagamoyo, niliosha chupa za daktari mmoja, nikanakili maandishi yake. Alinifundisha kwamba H ndiyo ukali wa tindikali, na OH ndiyo ukali wa magadi. Zikikutana huwa maji, na vilivyobaki hushikana vikawa chumvi.

Mlinganyo wa kwanza ulinitii:

HCl + NaOH → NaCl + H₂O

Ule wa tindikali ya salfa, H₂SO₄, ulinishinda siku tisa. Kila nikihesabu, H moja ilibaki peke yake.

Siku ya kumi aliingia jirani yangu Kamuhanda, Mnyambo mwenyeji wa pale, na kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Tulikuwa tumechanjiana zamani, tukawa ndugu wa damu: tunda moja la kahawa, punje mbili, yeye alimeza yenye damu yangu, mimi yenye damu yake.

"Othman, bado unagombana na wadudu wako?"

"Mmoja hana mwenzake."

Akainama juu ya kibao changu. "Hii alama ndogo?"

"Ni mbili. Tindikali hii moja ina H mbili."

"Kama tunda la kahawa." Akalipasua moja kwa ukucha. "Na magadi wako ana OH ngapi?"

"Moja."

"Basi umemwita mtu mmoja kwenye kiapo cha punje mbili. Ya pili ameze nani, mbuzi?"

Mwajabu alicheka huko ndani. Mimi nilichukua chaki, nikaita magadi wawili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Nikahesabu kushoto, nikahesabu kulia. Nikarudia. Hakuna kilichobaki.

Kamuhanda alitupa punje nyingine mdomoni. "Sasa mtahama," alisema.

"Ungenyamaza, ndugu yangu, tungebaki."

"Ningenyamaza, halafu nije kuchimba kaburi la tatu?"

Aliyachimba yale mawili ya kwanza. Alimwachia Mwajabu, shemeji yake, kijikapu kizima akaenda zake.

Bukoba daktari aliniandikia tindikali ileile. Mbili niliziweka mahali pake, naye akanipa ufunguo wa ile nyumba ya uani.

Mtoto alipotimiza siku arobaini, Kamuhanda alifika kwetu Bukoba, miguu imejaa vumbi. Alimpakata, akamtazama sana.

"Njia yako ni ndefu, Mswahili," alisema. "Huyu akikua, ataitembea mwenyewe kuja kwangu, anirudishie nyayo zangu."