Fungate Chini ya Mapazia

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Pazia alikuwa akiingia katika nyumba ile ya wageni kwa mlango wa nyuma, begi la vitambaa begani na pini mdomoni. Yeye ni fundi wa mapazia, na nyumba ile, iliyojengwa enzi za babu yake babu, ilikuwa na madirisha ishirini na mawili ambayo hakuna hata mawili yaliyolingana. Walioyaweka walipima kwa macho, mengine wakamwachia Mungu. Mama Pazia aliyajua yote kwa upana na kwa urefu, lakini kulala humo hakuwahi hata siku moja.

Basi Ijumaa ile jioni, alipopanda ngazi za mbao akiwa mgeni mwenye chumba chake, ufunguo mzito wa shaba mkononi na mume wa siku moja nyuma yake amebeba sanduku, alianza kucheka. Ngazi ya tatu ililia kwii, akacheka. Ya saba ikalia kwaa, ikabidi ashike ukuta.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza.

"Hakuna kitu. Twende tu."

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na wala hakuona haya. Mume mwenyewe alikuwa Fundi Saa, mwenye kibanda kilichopakana na duka lake. Kwa miaka miwili mzee huyu alikuwa akija dukani kila siku saa kumi kamili kumwambia kwamba sasa ni saa kumi, ilhali ukutani kulikuwa na saa, na saa hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe. Mama Pazia alijifanya haelewi kwa mwaka mzima. Mwaka wa pili akaanza kujipaka poda saa tisa na nusu.

Chumba chao kilikuwa cha juu, upande wa bustani. Sakafu ya mbao ilikuwa imeng'arishwa kwa nta, kitanda kilikuwa cha miguu ya kuchonga, tena kirefu kwenda juu hata kimewekewa kijingazi cha kupandia, na kwenye kona kulikuwa na kabati ambalo wangeweza kuhamia watu wanne na mizigo yao. Asubuhi ya Jumamosi Mama Pazia aliamka, akajilaza chali, akatazama mapazia ya madirisha yote matatu yakipenyeza jua. Siku zote aliyatazama akiwa juu ya ngazi, kulabu mkononi, akitafuta kasoro. Mtu aliyelala huyaonaje hakuwahi kujua. Yalikuwa mazuri! Alifurahi mpaka akampiga mumewe kwa mto.

Ila furaha ile ilikuwa na mwiba wake. Binti yake hakujua lolote.

Binti huyo alikuwa kifungua mimba na kitinda mimba papo hapo, maana alikuwa mmoja tu. Walifanya kazi duka moja, mama mapazia, binti magauni ya harusi. Baba yake alipofariki, miaka tisa nyuma, binti akiwa na miaka kumi na tisa, alisimama katikati ya sebule akasema, "Siku mwanamume mwingine atakapokaa kwenye kiti cha baba, mimi mtaniona kwenye picha." Hakulirudia tena neno lile, lakini mama alilibeba kifuani kwa miaka yote tisa. Kwa hiyo alipoolewa Alhamisi, mbele ya msajili na mashahidi wawili, alimwambia binti yake kwamba anakwenda kubadili mapazia nyumba ya wageni, kazi ya siku mbili, atalala hukohuko.

Fundi Saa hakugomba. Alisema tu, "Jumapili tukirudi, mke wangu, mimi nitapita mlango wa mbele. Nikiambiwa nipite wa nyuma, nitakwenda zangu kibandani."

"Nitamwambia kabla ya Jumapili. Naapa."

Njia ya mwongo fupi. Harufu ya mkate wa kuoka ilikuwa ndiyo kwanza inapanda ngazi, Fundi Saa yuko na soksi moja mguuni na mswaki mdomoni, iliposikika sauti ya mwenye nyumba kutoka chini. Mama huyu alikuwa shahidi wa Alhamisi, na sauti yake leo ilikuwa kubwa kuliko kawaida.

"Ohoo! Binti wa Mama Pazia! Umekuja kumsaidia mama yako KAZI!"

"Shikamoo, mama. Amesahau kulabu zote mezani," binti alijibu. "Fundi gani anakwenda kutundika mapazia bila kulabu? Yuko chumba gani?"

Mama Pazia alishuka kitandani bila kukumbuka kijingazi. "Ingia kabatini!"

Fundi Saa alitoa mswaki mdomoni. "Nina miaka sitini na moja. Kabatini siingii."

"Kwa dakika tano tu!"

"Hata kwa moja."

Ngazi ya tatu ililia kwii. Hapo Mama Pazia alifanya jambo ambalo ni fundi wa mapazia peke yake angeweza kulifanya: aliruka juu ya kiti akiwa na gauni la kulalia, akalikamata pazia zuri la dirisha la kwanza, akalishusha. Ngazi ya saba ikalia kwaa. Mlango ulipofunguliwa, pazia lilikuwa limemfunika kichwa, na mumewe alikuwa amepiga goti kando ya kiti.

"Mama?" Binti alisimama mlangoni na mfuko wa kulabu. "Huyu si Fundi Saa?"

"Ndiye. Ananishikia ngazi."

"Ngazi ipi?"

Wote watatu walikitazama kiti.

"Nashika kiti," alisema Fundi Saa kwa heshima zote.

Binti alicheka, na hilo lilizidisha balaa, kwa sababu mtoto yule alilelewa kazini, na akiona kazi hakai. Alivua viatu, akakunja mikono ya nguo, akasema haya, tuanze. Mama angesema nini? Alianza. Walishusha la pili, wakashusha la tatu, Fundi Saa akipokea na kukunja kwa soksi yake moja. Na kwa kuwa mtu aliyeshusha pazia lazima alifanyie kitu, Mama Pazia aliketi sakafuni, akachukua kiwembe, akaanza kufumua pindo. Alifumua la kwanza lote. Alipofika katikati ya la pili jasho jembamba lilikuwa likimtoka, na bado alisikia kicheko kikimtekenya koo, kwa sababu mumewe alikuwa amekaa kando yake akiokota nyuzi moja moja kwa kibano cha saa.

Mwenye nyumba aliingia na sinia la chai. Aliona madirisha matatu matupu na vitambaa vimetapakaa sakafuni, vikombe vikaanza kugongana.

"Mapazia yangu! Hata miezi minne hayajafika!"

"Miezi minne?" Binti aliliinua lile pindo lililofumuliwa nusu, akalisogeza dirishani. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. "Mama. Huu mshono ni wangu."

Mama Pazia alikiona kiwembe mkononi mwake. Kweli. Mapazia ya chumba kile alikata yeye, lakini mapindo alipinda binti, kwa mkono, usiku tatu mfululizo, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka mshono wa cherehani uonekane. Hakuna pindo safi kama lile lililowahi kutoka duka lao.

"Kama ni baya ungeniambia," binti alisema. "Ndiyo maana hukutaka nije? Ulikuja kulifumua kwa siri ili nisijue?"

Fundi Saa aliweka kibano chini. Alimtazama mkewe, basi. Na Mama Pazia, aliyekuwa tayari kudanganya kuhusu ngazi, kulabu na siku mbili za kazi, aligundua kwamba kuna uongo mmoja asiouweza. Hawezi kumwacha mtoto wake aamini kwamba mkono wake ni mbovu.

"Pindo lako halina kasoro hata ya kichwa cha sindano," alisema. "Mwenye kasoro ni mimi. Hakuna kazi hapa, mwanangu. Huyu ni mume wangu. Tumeoana Alhamisi, na hapa tuko fungate."

Mwenye nyumba aliweka sinia chini ili asimwage chai. Binti alimtazama mama yake, akamtazama Fundi Saa na soksi yake, akatazama mito miwili kitandani. Akakaa kwenye kile kijingazi.

"Gauni alikushonea nani?"

Mama alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Nilijishonea mwenyewe."

"Nyuma alikupimia nani?"

"Hakuna."

Hapo binti aliangua kilio. "Kila Jumamosi nawavika watoto wa watu! Mama yangu mzazi anaolewa, na mimi sikushika hata pini!"

"Ulisema ya kile kiti cha baba yako..."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mama! Mwaka uleule nilisema nitakuwa rubani! Ulinisikia nikidai ndege?"

Mama Pazia alicheka na kulia kwa mpigo mmoja, akamkumbatia mtoto wake palepale juu ya mapazia, akamwomba msamaha, akaomba tena. Binti alimwacha aombe mara tatu, akajifuta pua. "Lilete hilo gauni."

Lililetwa, likavaliwa nyuma ya mlango wa kabati. Mama alipopandishwa juu ya kiti na kugeuzwa, mwenye nyumba alijiziba mdomo. Mbele lilikuwa limenyooka, ila nyuma lilikuwa limepanda vidole vinne.

"Alhamisi yote ulitembea hivi?" binti aliuliza.

"Mimi nililiona," alisema Fundi Saa. "Nilidhani ni mtindo."

Madirisha yalikuwa matupu, na chini bustanini wageni wengine walikuwa wakinywa chai. Mmoja aliinua macho, akaona bibi harusi amesimama juu ya kiti, akawaonyesha wenzake, wakapiga makofi na vijiko kwenye vikombe. Mama Pazia aliwapungia mkono. Binti alikwisha kujaza pini mdomoni, akamgeukia Fundi Saa.

"Leo sikuiti baba."

"Niite utakavyo."

"Basi shuka hapa, shika pindo. Chini kidogo. Hapo hapo."

Mzee alipiga goti kwa mara ya pili asubuhi ile, safari hii kwa kazi ya kweli, akashika pindo la mkewe kwa vidole vilivyozoea vitu vidogo. Binti alichomeka pini ya kwanza kando ya kidole chake, akachomeka ya pili.

"Mama, acha kutikisika."

"Sitikisiki. Nacheka."

"Cheka bila kutikisika."

Mama Pazia alijaribu. Haikuwezekana.