Dhahabu Iliyokusanywa

Mgomo ulipofunga chuo kule Homa Bay, Joyline alirudi Migori na chupa nne, akazipanga kwenye friji ya duka la mama yake, kando ya soda. Ndani mlikuwa na maji ya rangi, mengine mekundu, mengine ya zambarau.

"Mama, hizi zisiguswe. Ile dhahabu uliyonipa iko humu. Nimeigeuza chembe zisizoonekana kwa macho. Donge la dhahabu ni kama mtu mvivu, linakaa tu, lakini chembe ndogo hivi zinaharakisha sumu kuvunjika majini. Kila chupa ina saizi yake. Jumatatu nazipeleka Nairobi zipimwe, tujue saizi ipi inafanya kazi zaidi. Nikikosa hiyo nafasi, sina shahada."

Mama yake, Gesare, aliitikia huku akimfungia mteja sukari, na mtu akiitikia hivyo hajasikia.

Nyamusi, dada wa mumewe, alisikia yote.

"Eh, wifi! Watoto wa wenzako wanasoma wanaleta gari. Wako amesoma mpaka dhahabu ikawa Fanta!"

Wateja waliangua kicheko. Gesare alicheka nao. Ujana wake wote aliumalizia machimboni akiosha mchanga. Alijua dhahabu haipotei, hujificha tu, na ikijificha ina dawa yake.

Jumamosi, Joyline akiwa kanisani kwa Wasabato, Gesare alitia zebaki, ile inayonasa dhahabu machimboni, katika kila chupa, akatikisa kwa nguvu za mtu aliyetukanwa. Wekundu ukafifia, zambarau ikafuata. Akaikamua zebaki kwa kitambaa, akaichoma kwenye jiko nje, ikabaki punje ya manjano ndogo kuliko mbegu ya wimbi.

"Shika," alimwambia binti yake aliporudi. "Nimekutolea dhahabu yako. Sasa shangazi yako aje aone kama ni Fanta."

Joyline alifungua friji.

"Zote nne?"

"Zote. Si ulikuwa umeshindwa kuitoa?"

"Sikutaka kuitoa, Mama. Mwaka mzima nimehangaika chembe zisishikane. Wewe umezishikanisha asubuhi moja."

"Basi vunja tena. Dhahabu si hii?"

"Nivunjie wapi? Maabara imefungwa. Na Jumatatu ni keshokutwa."

"Ungenieleza vizuri."

"Nilikueleza."

Joyline aliingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Nyamusi naye alikuwa ameshafika barazani, anataka kuonyeshwa hiyo dhahabu.

Gesare alifumba kiganja, punje ikiwa ndani.

"Hakuna kitu," alisema.