Zulia Lililomwagiwa Maji

Adelina alijifunza kutumia mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1958, alipoajiriwa na Mzungu mmoja wa Oysterbay, Dar es Salaam. Kabla ya hapo, kwao Newala na hata Mtoni alikopanga, alijua mkeka tu: unaukung'uta nje, unauanika, basi.

Baada ya Uhuru yule Mzungu aliondoka, akaacha zulia la sufu na ile mashine. Nyumba akapewa Bwana Revelian, ofisa wa wizara, na mkewe Demetria. Demetria alikulia Kamachumu, kule Bukoba, kwenye nyumba iliyotandikwa nyasi sakafuni. Zikichakaa zinatolewa, zinatandikwa mpya. Mambo ya zulia akamwachia Adelina. Miaka kumi na miwili Adelina alisukuma mashine kila Jumamosi.

Mwaka 1974 mkanda wa mashine ukakatika. Mjini kote haukupatikana mwingine.

"Funga mpira wa baiskeli," Demetria alisema.

"Mama, hautazunguka sawasawa. Mota itaungua."

"We funga tu. Wageni wanakuja."

Mpira ulidumu wiki tatu, kisha moshi ukatoka na mashine ikanyamaza. Jioni Bwana Revelian aliuliza kulikoni.

"Adelina kaiunguza," mkewe akajibu.

Adelina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alingoja Demetria aongeze neno. Demetria akageuka kufunga dirisha. Adelina akaweka sinia mezani, akavua aproni, akaenda zake Mtoni.

Mwezi wa pili baada ya hapo barua ilikuja: Bibi Bernadeta, mama yake Revelian, angefika Jumapili kutoka Bukoba. Demetria akalitazama zulia, limekuwa la kijivu kwa vumbi. Akachanganya sabuni ya unga kwenye ndoo tatu, akalimwagia palepale sebuleni, akasugua kwa brashi. Halikukauka. Siku ya tatu lilinuka kama gunia lililonyeshewa, na ukungu ukaota pembeni.

Ijumaa asubuhi alikwenda Mtoni. Alimkuta Adelina kibarazani anakaanga vitumbua, wanunuzi wawili wamesimama. Demetria alitamani waondoke kwanza. Hawakuondoka.

"Dada Adelina, mpira wa baiskeli nilikwambia mie uufunge. Nilimdanganya mume wangu. Jana usiku nimemweleza."

Adelina akageuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, ndipo akainua uso.

"Zulia umelifanyaje?"

"Nimelimwagia maji."

"Ndani?"

"Ndani."

Adelina alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Hasira haikuwa imeisha yote, lakini alijua zulia lile kuliko mtu yeyote Dar es Salaam, na hakupenda lioze.

Wakaenda pamoja Oysterbay, wakalikunja wawili, wakalitoa uani kwa kuliburuta, wakalitundika juu ya ukuta, upande wa nyuma ukielekea jua kwanza. Ukungu Adelina aliusugua kwa limau na chumvi. Jumamosi, lilipokauka, alimpa Demetria mpini wa jembe, mwenyewe akashika mwingine, wakalipiga. Vumbi lililotoka liliwashangaza wote wawili. Mashine haikuwahi kulifikia. Kisha wakalitandaza, wakanyunyizia majani ya chai yaliyokwishatumika, yakiwa na unyevu kidogo ili yashike vumbi lililobaki, wakayafagia kwa ufagio wa chelewa. Doa moja halikutoka. Wakalifunika kwa meza.

Bibi Bernadeta alifika, akavua viatu, akakaa juu ya zulia badala ya kiti, akaomba maji ya kunywa. Kuhusu usafi hakusema lolote.

Jumatatu Demetria alimwomba Adelina arudi kazini.

"Kazi ya kila siku sirudi," Adelina alisema. "Vitumbua vyangu vinauzika. Zulia nitakuja mara moja kwa mwezi, na tutalipiga wote."

Demetria akakubali. Mashine aliiweka stoo, na mkanda ulipopatikana miaka mingi baadaye, ile mota iliyoungua ilikuwa imekwisha kushika kutu.