Kiu ya Wiki ya Tatu

Kiti cha kwanza kilipasukia ukutani, cha pili kikamshukia mkewe begani. Randa alisimama katikati ya chumba, jasho likimchuruzika, kucha zikikwangua koo kama mtu aliyekwamwa na mwiba.

"Iko wapi?"

"Nimeimwaga, baba watoto. Chupa yote."

Kofi lilimtupa hadi kwenye jiko. Akainuka, akaziba mlango kwa mwili wake. Huyu akitoka leo, basi tena.

Miaka tisa Randa hakugusa pombe. Alikuwa seremala, wenzake wamempa jina la kifaa chake, na kila siku alipiga polishi makabati ya watu kwa spiriti ile ile ambayo walevi huiba na kuzimua kwa maji. Harufu yake aliivuta kutwa nzima bila kutikisika. Hata msiba wa binti yao haukumrudisha kwenye chupa. Ulimkalisha tu kwenye benchi, msumeno mapajani, mbao hazikatwi. Tajiri wake akamwambia aende zahanati, alete kadi yenye muhuri, la sivyo asirudi. Huko akapewa vidonge vya huzuni. Na kama ulivyo utaratibu wa zahanati ile, mkewe akatia dole gumba kuwa msimamizi: atampa dawa kwa mkono wake, na mgonjwa akiharibika, wa kuulizwa ni yeye.

Huzuni ilipungua, Mungu hasingiziwi. Randa akala, hata akacheka. Lakini wiki ya tatu alirudi mchana kweupe, midomo imemkauka.

"Mama watoto, nifungie ndani. Koo linaniita. Haikuwa hivi hata nilipokuwa nalala mtaroni."

Kesho yake wakaenda wote zahanati. Tabibu hakuinua macho.

"Dawa inaondoa huzuni, mama. Kiu katoka nayo kwake."

"Miaka tisa, daktari! Kameza hivi vyenu, sasa ananusa kitambaa cha polishi mpaka pua inachubuka. Mbadilishieni, nawaombeni."

"Udaktari umesomea wapi?"

"Sijasoma. Nalala naye."

Foleni ikaangua kicheko. Muuguzi akaficha mdomo kwa kadi. Tabibu hakucheka.

"Ya aina nyingine haijaletwa. Iliyopo ni hii. Namwongezea, ameze viwili." Akaandika neno moja kwenye kadi, herufi kubwa, akagonga muhuri juu yake.

"Umeandika nini hapo?"

"Mlevi."

"Hajanywa, daktari."

"Anayenusa ameshakunywa."

Tajiri aliisoma kadi, akaitupa kwenye maranda ya mbao sakafuni, akamnyooshea Randa mlango. Randa akatoka na chupa ya spiriti ndani ya shati. Nusu aliimaliza njiani. Nusu iliyobaki ndiyo mkewe aliyoimwaga uani, na ndiyo iliyovunja viti.

Sasa alimshika mkewe nywele, akambamiza kichwa kwenye fremu ya mlango aliyoitengeneza mwenyewe. Mara ya pili mkewe akapiga ukunga, majirani wakaingia. Walimfunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Alikwisha kufungwa, lakini mateke yao hayakukoma.

"Mlevi huyu! Nyang'au!"

"Jamani, mmeshamfunga! Mwacheni!"

"Mama, nyamaza, tunakusaidia."

Wakampakia kwenye mkokoteni hadi zahanati, wakambwaga sakafuni mbele ya foleni. Tabibu akachungulia kutoka mlangoni.

"Vidonge vya leo kameza?"

"Bado," mke akajibu, damu ikimwingia jichoni.

"Si ndiyo hayo sasa!" Akarudi ndani.

Muuguzi akaja na viwili kiganjani na maji kwenye kikombe cha plastiki. "Mpe mgonjwa wako. Sisi haturuhusiwi kumshika, msimamizi ni wewe."

Randa aliuma meno. Jino moja lilikuwa limeng'oka, akaongea kupitia pengo lile.

"Usinipe hiyo, mama watoto. Nipige. Waambie wanipige tena. Hiyo usinipe."

"Daktari nimemwambia," mke akamwambia muuguzi. "Nilimwambia hapa hapa."

"Mimi sijui. Nimeambiwa viwili."

Jirani mmoja akapiga goti, akambana Randa pua kwa vidole viwili. Randa akajitupa huku na huko, uso ukageuka rangi, macho yamemkodokea mkewe. Kisha mdomo ukafunguka kutafuta hewa.

"Haya mama, upesi," muuguzi akasema. "Wenzako wanasubiri."