Presha kwa Jina la Nassir

Siku ile Joachim hakurudi chumbani kwao Al Nahda, huko ughaibuni. Alianguka kwenye geti la ghala alilokuwa akililinda Jebel Ali. Nassir, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, alimkuta hospitali hajitambui, mdomo umepinda upande.

Daktari aliuliza kama mgonjwa ana presha, na anatumia dawa gani.

Nassir aliijua dawa hiyo hadi rangi ya boksi lake.

"Sijui, sir," alisema.

Kesho yake Joachim akakata roho.

Mambo yalianza kwa kicheko. Walinzi wa kampuni ya Joachim walikuwa hawajakatiwa bima ya afya. Kila wakiuliza, bosi anawajibu inshallah. Nassir, mhudumu wa ofisi huko Silicon Oasis, alikuwa nayo. Kichwa cha Joachim kilipozidi kumuuma, Nassir akampa kadi yake ya bima.

"Kaka, hii picha! Mimi na wewe wapi na wapi?"

"Nenda bwana. Wale wa kliniki wakituona wanaona Mwafrika, basi. Nani atahangaika na pua yako?"

Joachim alirudi na vidonge, anacheka mpaka anashika mbavu. Kweli hakuna aliyemtazama usoni. Presha yake ikaandikwa kwa jina la Nassir.

Baada ya muda simu ya Nassir ikaita. Alikuwa Khairiya, muuguzi wa kampuni ya bima, mwanamke wa Kizanzibari. Alieleza kwamba kampuni imegundua wagonjwa wa presha kutoka Afrika hupewa dawa kisha husahauliwa, ilhali wengine huitwa warudi kupimwa. Ndiyo maana ameajiriwa awafuatilie kwa Kiswahili.

"Vidonge hivyo usiviache, kaka'angu, hata ukijihisi mzima. Kichwa kinakuumaje siku hizi?"

Nassir akaingiwa na hofu.

"Mimi mzima, dada. Usihangaike kunipigia."

Jioni alimnyooshea Joachim mkono. "Khalas, basi, lete kadi. Wameanza kunifuatilia."

"Na vidonge vikiisha?"

"Si kichwa kimeshapoa?"

Aliyoyasema muuguzi hakumfikishia. Vidonge vikaisha, Joachim akaendelea kwenda kazini juani.

Mwili wa Joachim ulipokwisha kusafirishwa kwao Bukoba, Khairiya alipiga tena.

"Nassir, hujaja kuchukua dawa. Nimepata wasiwasi nawe."

Afadhali angemtukana. Nassir alikaa chini, pale pale kwenye korido ya ofisi.

"Si mimi, dada. Aliyekuwa anaumwa ni mwenzangu. Alitumia kadi yangu. Ameshafariki."



"Ungeniambia siku ile," Khairiya alisema. "Ningemtafutia daktari, hata kwa kuomba."

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Na yeye?"

Khairiya akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba hana budi kulifikisha jambo hilo kwa wakubwa wake.

Jumatatu Nassir ataripoti kwenye ofisi za bima, pamoja na meneja wake, kujieleza kuhusu kadi.