Moshi Unaodondoka

Mjomba ni fundi wa friji na viyoyozi vya magari. Nilimwomba anisainie fomu nikasomee magari ya haidrojeni, akacheka. "Gari linywe gesi, litoe maji? We unaota umesimama."

Leo limekuja moja, kiyoyozi hakipozi. Mjomba akaona maji yanadondoka nyuma, akalala chini saa nzima kutafuta mpira wa kiyoyozi uliotoboka.

"Fundi," mwenye gari akamwambia taratibu, "huo ndio moshi wake."

Mjomba akakinga kiganja. Tone, tone. Mimi nikawazia barabara zote zimelowa kwa magari haya, kama umande wa alfajiri haujaamua kuisha.

"Ile fomu iko wapi?" akauliza. "Ilete nisaini kabla mkono haujakauka."