Ufunguo Uliotundikwa kwa Fondo

Kheri alibisha hodi kwa Mwanaima kabla hata hajanywa chai, maana alijua akishakunywa hatakwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunihesabia miche iliyobaki? Haitakuchosha, ni mitatu."

Kitalu cha mikoko cha Mwanaima, hapo Gazi, kiling'olewa juzi. Wakata mikoko walijua kuwa ni yeye aliyewataja.

Kila Ijumaa walinzi wanane wa mikoko, Mwanaima akiwa mmoja wao, walituma barua kwenye kikundi cha simu, hata asiye na neno, ili mwenye neno asijulikane. Kheri, aliyejifundisha kompyuta mwenyewe, alimpa kila mmoja kitu mfano wa kufuli lililo wazi. Ukishaifunga barua kwalo, hata wewe uliyeiandika huwezi kuifungua. Wengine huona herufi za ovyo tu. Ufunguo wa siri ulikuwa mmoja, wa Kheri.

"Ni mimi," Mwanaima akasema, sauti imeshuka. "Simu hizi sizijui. Nilifunga vibaya."

Kheri angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza tangu juzi. Pale kwao ufunguo wa stoo ya miche haukosi wa pili, nao hutundikwa msumarini dukani kwa Fondo, asije mtu akakwama. Naye akafanya vivyo hivyo: aliunakili ufunguo wa siri kwenye flashi, bila nywila, akaitundika hapo. Jana alipomuuliza, Fondo alicheka. "Ile? Iliazimwa kutiliwa nyimbo za harusi. Si ilirudi? Wahangaikia nini?"

Usiku huo Kheri alianza kuandika onyo kikundini, kwamba kufuli la zamani litupwe, kisha akalifuta. Ufunguo ule ndio pia uliotia sahihi ya Kheri, hivyo mwenye nakala yake angeweza kuandika onyo kama lile na kulitia sahihi hiyo. Ilibaki miguu tu: kufuli jipya alitume kikundini, kisha nyumba kwa nyumba awasomee kwa mdomo wake tarakimu za kulitambua. Na kila mmoja angeuliza kwa nini.

"Ulifunga sawasawa, mama. Ni mimi. Ufunguo niliutundika kwa Fondo."

Mwanaima alimtazama. "Na siku mbili hizi umeniacha nikijilaumu?"

"Nimekuacha."

Hakumkaribisha ndani. Alifungua fundo la leso, akatoa simu. "Soma hizo tarakimu. Polepole."

Kheri alisoma. Mwanaima akalinganisha moja moja na za kufuli lililofika simuni mwake, mpaka ya mwisho.

"Sasa nenda kwa Twaiba," akasema. "Mlinzi mwenzangu huyo aliniambia Ijumaa iliyopita naye alitaja mtu. Na bado hajang'olewa kitu."

Kheri alivua ndala zake, akazishika mkononi, akaondoka mbio.